Jinsi ya kupata hati ya kimila ya malisho ya kijiji kabla hayajageuka mashamba: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila masika yakikaribia simu yangu inaanza kuita na habari ni ileile. Mtu ananiambia sisi tulishakaa kikao, tukakubaliana malisho yasilimwe, tukaandika na kupiga muhuri, sasa kuna trekta linakata kule ronjo (kambi ya muda ya mifugo) na mwenye trekta ana karatasi ya mwenyekiti mkononi. Nikiuliza hati yenu ya kimila, yaani ile ya umiliki wa ardhi ndani ya kijiji, iko wapi naambiwa iko wilayani inashughulikiwa, mwaka wa 3 huo.

Nimeshika mafaili mengi ya namna hiyo. Karibu yote yamekwama kwa makosa yaliyofanyika kijijini, kabla hata faili halijapanda gari kwenda wilayani. Kwahiyo nimeamua niandike yote kwa mpangilio, kila hatua na sababu yake.

Kitu kimoja cha kuelewa kabla hujaanza. Marekani kuna mashirika ya wadhamini wa ardhi, yanamlipa mkulima au serikali inampunguzia kodi, naye anafunga mkataba kwamba shamba lake halitajengwa milele hata likiuzwa. Sisi Tanzania huyo mdhamini tunaye tayari kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Sura ya 114, kifungu cha 8, inasema Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini na wanakijiji ndo wanufaika. Mwenyekiti na wenzake wameshika mali ya watu, hawana mamlaka ya kugawa hata robo eka bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia kwanza. Hilo ndo jiwe la msingi wa kazi yote hii.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

Usianze bila hivi, utarudi nyuma tu:

- Cheti cha Ardhi ya Kijiji, au angalau ramani ya mipaka iliyosainiwa na vijiji vyote jirani
- Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, kama upo, hata kama ni wa zamani
- Daftari la wakazi, lililohuishwa
- Daftari jipya la mahudhurio na daftari jipya la mihtasari, yenye kurasa zilizohesabiwa (usitumie karatasi za kuchomoa, hizi ndo zinapotea)
- Wino wa dole gumba
- Simu 2 zenye GPS, na mzee 1 au 2 wanaojua majina ya kila mti na kila korongo
- Makadirio ya gharama kutoka kwa afisa ardhi wa wilaya, kwa maandishi, yakionyesha mafuta ya gari, posho na siku za kazi

Hayo makadirio yaombeni kwa barua. Kuna kijiji nilichokuwa nakisaidia walichanga mbuzi mpaka wakachoka, kila wiki kuna hela ya kitu kipya, kumbe hakuna aliyewahi kuandika jumla.

Hatua ya 1: Maliza mipaka ya kijiji kwanza

Huwezi kutoa hati ndani ya kijiji ambacho chenyewe hakijulikani kinaishia wapi. Mkiwa na mgogoro na kijiji jirani, kaeni nao na muandike makubaliano, wasaini wenyeviti na watendaji wote wawili.

Kama malisho yenu yanavuka mpaka, yaani ng'ombe wenu wanalala kwao na wa kwao wananywa kwenu, msilazimishe kuyakata katikati. Kifungu cha 11 kinaruhusu vijiji kufanya makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi. Kule Kiteto vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa walifanya hivyo, wakaunganisha malisho yao na kuyaita OLENGAPA, jina limetoka kwenye herufi za vijiji vyenyewe.

Umefanikiwa ukiona: una karatasi ya mipaka ambayo jirani yako akiulizwa anaitambua kuwa ni sahihi yake.

Hatua ya 2: Mpango wa matumizi ya ardhi

Hapa timu ya wilaya inakuja na kamati ya kijiji ya matumizi ya ardhi inakaa nao kuchora: makazi hapa, mashamba hapa, malisho hapa, msitu hapa, ardhi ya akiba hapa.

Angalieni sana hilo neno akiba. Sheria inagawa ardhi ya kijiji makundi 3: ardhi ya jumuiya, ardhi inayokaliwa na kutumiwa na watu au familia, na ile ya akiba ambayo inaweza kugawiwa baadaye. Mara nyingi timu ikikuta mbuga tupu wakati wa kiangazi inaiandika akiba kwa sababu haina mtu wala boma. Sasa mfugaji anajua ile mbuga haiko tupu, inapumzika, mvua ikinyesha ng'ombe wote wapo kule. Lakini ikishaandikwa akiba, mwekezaji akija anaonyeshwa hiyo hiyo, na mpango mliosaini wenyewe unamuunga mkono.

Kwahiyo siku ya kuchora peleka watu wa misimu yote. Wachungaji vijana waseme wanapeleka wapi ng'ombe mwezi wa 3 na wapi mwezi wa 9. Kina mama waseme wanachota wapi maji na kuni, na alalili (malisho yaliyotengwa) ya ndama iko wapi, maana wao ndo wanabaki na ndama. Mapalio ya kupitisha mifugo yachorwe na upana wake uandikwe kwa mita, msiandike "njia ya ng'ombe" tu, njia isiyo na upana itabanwa kila mwaka mpaka ibaki ya pikipiki.

Umefanikiwa ukiona: eneo lenu limeandikwa ardhi ya jumuiya, malisho, na ukubwa wake kwa hekta upo.

Hatua ya 3: Mkutano Mkuu na muhtasari wake

Naomba hii isomwe polepole. Hapa ndo mafaili mengi yanakufa.

Utaratibu ni kwamba Halmashauri ya Kijiji inapendekeza, Mkutano Mkuu unaridhia. Mkutano Mkuu ni wakazi wote wa miaka 18 kwenda juu. Kikao cha halmashauri peke yake hakitoshi, kikao cha kamati ya mifugo hakitoshi, na kikao cha wazee chini ya mti na laigwanani (kiongozi wa kimila wa Wamaasai), pamoja na heshima yote, kwenye baraza la ardhi hakitoshi. Fanyeni cha wazee kwanza ili watu wawe kitu kimoja, halafu mfanye cha kisheria.

Tangazo libandikwe mapema likitaja ajenda kwa jina lake: kutenga ardhi ya jumuiya ya malisho. Nilishaona muhtasari unakataliwa kwa sababu tangazo lilisema "mkutano wa maendeleo" na malisho yakajadiliwa kwenye mengineyo. Mtu mmoja aliyekuwa analima pembezoni alisema hakujua kama shamba lake linajadiliwa siku ile, na kwa kweli alikuwa na haki.

Chagueni siku isiyo ya mnada na msimu ambao watu hawajahama na mifugo. Mkutano wa watu 40 kwenye kijiji cha watu 2,000 utawaletea maneno hata kama hakuna aliyepinga.

Muhtasari wenyewe uwe na vitu hivi: tarehe, mahali, saa ya kuanza na kufunga, idadi ya wanaume na ya wanawake, majina na sahihi au dole, nani alipendekeza, nani alipinga na alisema nini, kura ngapi. Msifiche waliopinga. Watu wakificha wanadhani wanausafisha muhtasari kumbe wanautia shaka, maana hakuna mkutano wa ardhi ambao watu wote wanakubali kila kitu.

Azimio liandikwe kamili. Mkikosa maneno tumieni haya na mjaze yenu:

"Mkutano Mkuu wa Kijiji cha ___ uliofanyika tarehe ___ umeridhia eneo la hekta ___ lililopo kitongoji cha ___, lenye mipaka iliyoonyeshwa kwenye ramani iliyoambatanishwa, liwe ardhi ya jumuiya kwa ajili ya malisho. Ni marufuku kulima, kujenga makazi ya kudumu, kuchoma mkaa, kugawa, kuuza, kukodisha kwa kilimo au kuweka rehani sehemu yoyote ya eneo hili. Halmashauri ya Kijiji haitapokea ombi lolote la kugawiwa ardhi ndani ya eneo hili."

Ile sentensi ya mwisho msiiache. Mwenyekiti mpya akiingia baada ya uchaguzi, hiyo ndo inayomfunga mikono, na pia inamsaidia akibanwa na ndugu zake wanaotaka eka mbili tatu.

Baada ya hapo eneo liingizwe kwenye daftari la ardhi ya jumuiya la kijiji. Wengi wanasahau kabisa kama kuna daftari la namna hii.

Umefanikiwa ukiona: mtu ambaye hakuwepo siku ile anaweza kusoma muhtasari akajua eneo ni lipi, limekatazwa nini na nani aliamua.

Hatua ya 4: Nani anaandikwa kwenye hati?

Sheria inaruhusu hati itolewe kwa mtu, kwa familia, au kwa kundi la watu wanaotambulika kimila au waliojiunga kama kikundi. Kwa malisho tunataka kundi. Jina la mwenyekiti lisiwe kwenye hati kama mmiliki, la mfadhili pia hapana, na la shirika lililoleta gari ndo kabisa.

Undeni kikundi cha watumiaji wa malisho, msajili kupitia afisa maendeleo ya jamii, mwe na katiba. Kwenye katiba wekeni mambo ambayo watu wanaona aibu kuyasema mapema: mtoto wa mwanachama akioa naye anaingiaje, mjane anabaki na haki yake yote au inakwenda kwa shemeji (andikeni anabaki nayo, usawa wa mwanamke kwenye ardhi upo ndani ya Sheria hiyo hiyo ya Ardhi ya Vijiji), mkulima asiye na ng'ombe ana haki gani ya kuni, dawa za miti na nyuki.

Onyo la rehani nalirudia. Hati ya kimila ina hadhi sawa na hati nyingine za ardhi, kwahiyo inaweza kuwekwa dhamana ya mkopo. Viongozi 3 wakiwa na mamlaka ya kusaini na katiba iko kimya, mbuga nzima inaweza kwenda benki. Ikataeni kwenye azimio na kwenye katiba pia.

Hatua ya 5: Kutembea mpaka na kupima

Tembeeni mpaka wote kwa miguu kabla mpima hajaja. Mzee mbele, kijana wa simu nyuma yake, na mashahidi wa vitongoji vinavyopakana. Kila kona piga picha, andika jina la kimila la pale, chukua namba za GPS. Simu inakosea mita kadhaa, hiyo haina shida, lengo ni kwamba mpima akija asionyeshwe mpaka na mtu mmoja ambaye shamba lake liko pale pale.

Mkikuta mashamba ndani ya eneo, na mtayakuta, yaandikeni yote siku hiyo: la nani, ukubwa, lilianza lini. Aliyelima kihalali kabla ya mpango ana haki yake, mnakaa naye, ama mnamtoa nje ya mchoro ama mnambadilishia eneo kwa maandishi. Msitumie vijana na fimbo. Kesi nzuri kabisa inaweza kuharibika kwa siku moja ya fujo.

Mpima akifika muulizeni swali moja tu: unatumia Arc 1960 au WGS84? Hiyo ni mifumo ya kuhesabia mahali. Ramani nyingi za zamani za Tanzania ni Arc 1960, simu na GPS mpya zinatoka na WGS84, na namba za mfumo mmoja zikisomwa kama za mwingine mpaka unahama takriban mita 300. Nimeona vijiji viwili vinagombana kwa ukali mpaka watu wakaumia, halafu mwishoni tukagundua kila upande una ramani sahihi, ila mifumo tofauti. Mfumo uandikwe kwenye ramani, na kanda pia (Simanjiro na Kiteto ni kanda ya 37).

Alama ziwe za kuonekana. Bikoni za zege kwenye kona, katikati mawe yaliyopakwa rangi, na mabango kwenye barabara za kuingilia.

Umefanikiwa ukiona: mchungaji wa miaka 12 anaweza kukuonyesha mpaka bila kuuliza mtu.

Hatua ya 6: Maombi, sahihi, masjala

Kikundi kinajaza fomu ya maombi, kinaipeleka Halmashauri ya Kijiji, uhakiki unafanyika, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi aseme, halafu linaridhiwa. Msiruke tangazo hata kama kila mtu anajua.

Hati inasainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, wamiliki wanasaini au kuweka dole, kisha afisa ardhi wa wilaya anasaini, anapiga muhuri na kuisajili. Ikikosa kimojawapo ya hivyo ni karatasi tu. Hapo ndo mtu anapoambiwa "iko wilayani", kwahiyo mkipeleka faili pelekeni na barua ya kukabidhi yenye orodha ya kila kilichomo, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Mkifuatilia mnakwenda na hiyo nakala. Bila hiyo mtaambiwa faili halijafika, na mtabishana na nani?

Muda wa umiliki hakikisheni umeandikwa usio na kikomo. Sheria inaruhusu kwa wanakijiji.

Hati ikirudi inatunzwa kwenye masjala ya ardhi ya kijiji. Kama kijiji hakina masjala, chumba chenye kabati la chuma linalofungwa kinaweza kuanzia kazi, funguo mbili kwa watu wawili tofauti. Fotokopi moja kwa kikundi, nyingine kwa kata, na picha kwenye simu za watu angalau 5. Mchwa na mvua vimeshamaliza hati nyingi.

Hatua ya 7: Sheria ndogo

Hati inasema eneo ni la nani. Sheria ndogo inasema mtu akilima anafanywa nini. Halmashauri ya Kijiji inaandaa, Mkutano Mkuu unajadili na kupitisha, kisha zinapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Kabla ya hapo mkimtoza mtu faini anaweza kuwashinda.

Andikeni faini ambayo inauma lakini inalipika, nani anapokea, kwa risiti gani, inakwenda wapi. Na wekeni kalenda ya malisho humo humo, lini panafungwa na lini panafunguliwa, maana sehemu isiyotumika kwa mpangilio ndo inayotamaniwa.

Hatua ya 8: Ardhi ilete kitu

Mtu mwenye njaa atalima, hata kama ana hati ukutani. Kwahiyo tafuteni namna mbuga iwape hela ikiwa wazi.

Mfano wa kwanza ni Terrat, Simanjiro. Mvua zikianza nyumbu na pundamilia wanatoka Tarangire wanakwenda kuzalia kwenye tambarare za Simanjiro kwa sababu nyasi za kule zina madini wanayohitaji. Kampuni za utalii zikaona mbuga ikilimwa wanyama wataisha, zikaingia mkataba na kijiji kuanzia 2005 hivi: kila mwaka wanakilipa kijiji, kijiji kinaacha kulima eneo la malisho, ng'ombe wanaendelea kuchunga kama kawaida. Ardhi haikuuzwa na wala haikuhamishwa jina.

Mfano wa pili ni Wahadzabe wa bonde la Yaeda, Mbulu. 2011 walipata hati ya kimila ya jumuiya kwa hekta 20,000 hivi, wakisaidiwa na shirika la UCRT (Ujamaa Community Resource Team), na baada ya hapo wanalipwa fedha za hewa ukaa kwa sababu msitu haukatwi. Angalia mpangilio: hati kwanza, hela ndo ikafuata. Wa UCRT, Edward Loure, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2016 kwa kazi hii ya hati za jumuiya, wakati huo zilikuwa zimeshalinda zaidi ya eka 200,000 kaskazini mwa Tanzania.

Upande wa pili angalieni Kitengela, Kenya, kusini mwa hifadhi ya Nairobi. Kule familia zilikuwa na hati za mtu mmoja mmoja, na mradi ukawa unawalipa dola 4 kwa eka kwa mwaka wasiweke uzio. Ulisaidia, familia nyingi zililipia ada za shule, lakini bei ya kiwanja karibu na jiji ilikwenda juu kuliko dola 4 mara elfu, na maeneo mengi yakauzwa na kuzungushiwa ua. Ndo maana nasisitiza jina la kundi kwenye hati.

Kwenye mkataba wowote wa hela, utalii au hewa ukaa, someni muda wake, asilimia ya kijiji, na masharti ya kuvunja. Mkiambiwa mjadiliane leo na kusaini leo, ondokeni.

Hatua ya 9: Siku trekta likija

Litakuja, hata mkiwa na hati. Fanyeni hivi kwa mpangilio. Piga picha na uchukue GPS siku hiyo hiyo. Mtendaji aandike barua ya kusimamisha. Peleka Baraza la Ardhi la Kijiji, lile la watu 7 ambao angalau 3 ni wanawake, kazi yake ni kusuluhisha, halafu Baraza la Kata nalo lisuluhishe. Ikishindikana nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mkiomba na zuio la muda ili kulima kusimame wakati kesi inaendelea. Kama anayewadhulumu ni Halmashauri ya Kijiji yenyewe, kuna notisi ya siku 90 kabla ya kuishtaki, kwahiyo tafuteni wakili au msaidizi wa kisheria siku ya kwanza.

Na niseme jambo ambalo watu hawapendi kusikia. Hati haimzuii Rais kuhawilisha ardhi ya kijiji, yaani kuihamisha isiwe tena ya kijiji, kwa manufaa ya umma. Kifungu cha 4 kinampa mamlaka hayo. Eneo lisilozidi hekta 250, Mkutano Mkuu ndo unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano wenu unatoa mapendekezo kwa Waziri. Na haliwezi kuhamishwa mpaka fidia ikubaliwe aina yake, kiasi na lini inalipwa. Kijiji chenye hati, ramani na mihtasari kinaingia kwenye mazungumzo hayo kikiwa na hesabu ya kila hekta. Kisicho na kitu kitaambiwa pale palikuwa pori.

Mwisho kuna kazi ya kila mwaka, kiangazi kikianza: tembeeni mpaka wote tena, hesabuni bikoni, pakeni rangi, andikeni taarifa ukurasa mmoja na muisome kwenye Mkutano Mkuu wa robo hiyo. Bikoni iliyong'olewa irudishwe wiki hiyo hiyo mbele ya jirani anayepakana nayo, na asaini.